Kabla hujashika tupa: mazungumzo na mafundi wa Malindi kuhusu makali ya ski

Asalaam aleikum wazee wangu, na mama zangu kule nyuma hamjambo. Najua wengi mmekuja mkijiuliza ski, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, na Malindi wapi na wapi, lakini humu ndani mna vijana wanangoja karatasi za kwenda Italia, na mi nimekaa misimu mitano ya baridi kwenye karakana ya ski huko milima ya Dolomiti, kwa hivo nataka waende wakijua kazi. Halafu Sabrina Simader, yule binti aliyetushindania mbio za kuteremka mlimani kwenye Olimpiki ya baridi ya 2018 huko Korea Kusini, ni mzaliwa wa Kilifi, hapo tu jirani, si mbali.

Haya, ski yenyewe hii hapa. Pitishianeni, ila msiteleze kidole kwenye chuma. Ndani yake ni mbao, chini plastiki, na pembeni kote umepita ukanda mwembamba wa chuma, upana kama milimita 2. Zamani zilikuwa mbao tupu, ukikuta barafu ngumu unaserereka tu, mpaka Mwaustria mmoja, Rudolf Lettner, akapata hataza mwaka 1926 ya kufunga vipande vya chuma kwa skurubu kwenye kingo. Mtu akilaza mguu, kona ya hicho chuma ndo inauma barafu, ndo breki, ndo usukani.

Sasa kona ina nyuso mbili. Uso wa chini unainuliwa kidogo, digrii nusu mpaka 1, ili ski isikamate kabla mwenyewe hajataka. Uso wa ubavuni unakatwa kuingia ndani, digrii 1 kwa anayejifunza, 2 wengi, 3 kwa wanaoshindana. Hesabu yake ni kama ya patasi zenu: unaanza na 90, unaongeza ya chini, unatoa ya ubavuni, kwa hivo 1 chini na 3 ubavuni unapata kona ya 88. Na hiyo digrii 1 kwenye milimita 2 ni kama milimita 0.035, unywele kwa kawaida ni mnene kuliko hapo, jicho halioni kitu.

Ndo nawaambia, uso wa chini msiuguse. Msimu wangu wa kwanza nilipewa ski ya mteja, butu kabisa, nikaona ninoe pande zote kama ninavyonoa kisu, nikapiga tupa chini tena na tena, makali yakatoka mazuri, kucha inakatika. Mteja akarudi siku ya pili, anasema ski inaelea, haishiki mpaka ailaze sana. Nilikuwa nshafikisha karibu digrii 2. Na chuma kilichoondoka hakirudishwi, ilibidi chini yote isagwe kwa mashine ya jiwe mpaka iwe bapa ndo tuanze upya, na kila kusaga ski inakonda. Iliniuma, mana ilikuwa mali ya mtu.

Njia niliyofundishwa baadaye ni hii, sogeeni muone. Ski nimeifunga kwenye jiliwa, breki zake, vile vijiti vinavyoizuia isikimbie ikivuka mguuni, nimezivuta nyuma kwa mpira. Nachukua maka peni nyeusi napaka ubavu wa chuma, kipande cha kiganja hivi. Tupa naifunga kwenye kishikio cha digrii 2, napitisha mara moja tu, polepole, kutoka kichwani kwenda mkiani. Tazameni: wino umetoka huku kwenye ncha ya kona, kule mbali na ncha umebaki. Maana yake hii ski ilikatwa kwa pembe kubwa kuliko 2, nikiendelea nailazimisha tu. Nabadilisha niweke 3... umeona wino umetoka wote? Basi pembe yake ni hiyo, sasa ndo nanoa. Tupa inakata ikienda tu, usiirudishe, na ufute unga wa chuma kila mara usije ukajikita kwenye plastiki.

Mzee wangu ameuliza, tupa ikiteleza bila kukata je? Swali la fundi hilo. Hapo ski iligonga jiwe, chuma kimepata joto kikawa kigumu pale pale, ukilazimisha unaua meno ya tupa. Pitisha kwanza jiwe la almasi lenye maji mpaka usikie sauti imelainika, ndo urudi na tupa. Mwisho jiwe la almasi laini zaidi, halafu kile kinyuzi cha chuma kinachobaki kwenye ncha unakiondoa kwa kijiwe cha mpira, kwa mkono mwepesi sana.

Hii yangu mnaona ina madoa mekundu, nimekaa nayo wiki mbili tu hapa na chumvi ya bahari ishaanza. Kitambaa kikavu na mafuta kidogo kila jioni. Nani anataka kujaribu tupa? Kaka, njoo, vaa glavu kwanza.