Manesi, kabla hujalipia kozi za kuhuisha leseni, nisikilize

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo naongea na manesi wenzangu, na hasa nyinyi mlioko Nairobi, Eldoret na Mombasa mnaojiandaa na NCLEX, mtihani wa kupata leseni ya unesi Marekani. Ule mtihani ukishafaulu umeachana nao. Leseni ndiyo haitakuacha. Hapa Texas niliko inaisha kila baada ya miaka miwili, siku ya mwisho ya mwezi uliozaliwa, na ili uihuishe bodi inataka uwe umesoma saa 20 za mafunzo endelevu.

Wengi wetu tunasomea mtandaoni, maana ukitoka shifti ya usiku nguvu ya kwenda kukaa darasani utaitoa wapi? Wauzaji wa kozi wanalijua hilo, na wako tele. Utamsikia mmoja anakwambia kozi zake zinakubalika Marekani nzima. Hapo simama kwanza. Marekani haina bodi moja ya manesi, kila jimbo lina yake na masharti yake. Texas ni saa 20, California 30, Massachusetts 15. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza muuzaji bei, ingia kwenye tovuti ya bodi iliyokupa leseni, andika inachodai, ndipo uende sokoni. Hata ukiwa na leseni ya majimbo mengi na unafanya kazi jimbo jingine, masharti unayofuata katika kuhuisha ni ya jimbo lililokupa hiyo leseni.

Saa zenyewe pia hazifanani. Hapa kwetu, ukihudumia wagonjwa moja kwa moja, lazima kuwe na kozi ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na iwe imeidhinishwa na idara ya afya ya jimbo. Ukihudumia wazee, na Waafrika wengi tunaanzia kwenye nyumba za wazee, saa 2 ziwe za utunzaji wa wazee. Na kila mzunguko wa tatu wa kuhuisha, saa 2 ziwe za sheria na maadili ya kazi. Muuzaji anayekuuzia fungu la saa 20 bila hizo hajakusaidia. Na kuna vitu havihesabiki kabisa: CPR ya kawaida, yaani kumfufua mtu aliyesimama moyo, haihesabiki, mafunzo ya kuanza kazi hospitalini hayahesabiki, wala kozi za yoga na kupunguza uzito. CPR ndiyo inayowashangaza watu, lakini ndivyo kanuni ilivyo.

Sasa ithibati. Ukifungua ukurasa wa kozi, teremka mpaka chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo. Tafuta maneno yanayosema mtoa mafunzo huyu ana ithibati ya American Nurses Credentialing Center, yaani ANCC, au chombo kingine ambacho bodi yako inakitambua. Usiishie hapo, maana maneno yeyote anaweza kuyaandika. ANCC wana orodha ya waliopewa ithibati kwenye tovuti yao, tafuta jina humo, na kama ni chombo kingine, ulizia kwao. Usipolipata, funga ukurasa, hata kama kozi ni dola 5.

Tazameni hiki cheti changu, nakisogeza karibu na kamera. Jina langu limeandikwa kama lilivyo kwenye leseni. Jina la kozi, tarehe niliyomaliza, idadi ya saa, jina la mtoa mafunzo, na hapa chini aliyempa ithibati. Kabla hujalipa, waombe wakuonyeshe mfano wa cheti chao. Kikikosa kimojawapo cha hivyo, waache.

Na ukishakipata, kipakue siku hiyohiyo. Bodi huchagua watu kwa bahati nasibu na kuwaambia waonyeshe vyeti. Mwenzangu mmoja kazini alichaguliwa, kwenda kutafuta vyeti vyake, ile tovuti aliyosomea ilishafungwa. Nilimwona akilia kwenye chumba cha mapumziko, na saa zote alizisoma kweli.

Kuhusu pesa, usikimbilie kulipa. Waulize mwajiri wako, hospitali nyingi hulipia kozi. CDC nao, kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wana kozi za bure zenye saa zinazokubalika. Ukilipia kifurushi cha mwaka, soma kama watakukata tena mwaka ujao bila kukuuliza.

Lakini nataka niseme jambo ambalo liko moyoni mwangu. Kuna kozi unabofya mpaka maswali, unajibu, cheti kinatoka, na hujasoma kitu. Mimi hizo sizitaki. Ile kozi ya wazee niliyosoma ilinikalisha chini nikaelewa tofauti ya mzee mwenye ugonjwa wa kusahau na mzee aliyechanganyikiwa ghafla. Mzee uliyepiga naye soga asubuhi, jioni hajui alipo, usiseme ni uzee. Angalia mkojo, angalia dawa mpya alizoanzishwa, angalia kama amekunywa maji, mwite daktari. Huyo ni baba ya mtu. Tukichagua mtoa mafunzo, tumchague anayefundisha hivyo.

Jambo la mwisho, jisajili Nursys e-Notify, huduma ya mtandaoni ya kufuatilia leseni za manesi, ni bure, watakukumbusha leseni inapokaribia kuisha. Na nyinyi mlioko Minnesota, Washington na kwingineko, niandikieni jimbo lenu hapo chini na bodi yenu inadai nini, ili wanaokuja nyuma yenu wapate pa kuanzia. Mbaki salama.