John Knox Bokwe: karani wa telegrafu aliyeziandika nyimbo za Ntsikana

Ndugu zangu, karibuni. Tukiimba "Mungu ibariki Afrika" tunamkumbuka Enoch Sontonga aliyetunga tuni yake mwaka 1897, na ni haki yake. Jioni hii namleta kwenu aliyemtangulia.

John Knox Bokwe alizaliwa mwaka 1855 Ntselamanzi, jirani na Lovedale, misheni ya Waskoti katika Koloni la Cape, leo Afrika Kusini. Alisoma hapo, kisha akawa karani wa mkuu wa misheni, James Stewart: vitabu vya hesabu, barua na mtambo wa telegrafu vyote mikononi mwake. Mke wa Stewart alimfundisha kinanda.

Kazi ya telegrafu mnaijua: sikio linapokea milio mifupi na mirefu, mkono unaandika herufi. Sidai ndiyo iliyomfanya mwanamuziki. Ila jambo kubwa alilolifanya katika muziki lilikuwa hilohilo, kusikia na kuandika.

Ntsikana, nabii wa Waxhosa aliyefariki mwaka 1821, aliacha nyimbo vinywani mwa watu tu. Mmojawapo uliwaita waumini ibadani kama kengele: "Sele! Sele! Ahom, ahom, ahom!" Bokwe, ambaye ukoo wake ulikuwa miongoni mwa wafuasi wa Ntsikana, alizinukuu kwa sol-fa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi badala ya noti: d, r, m, f, nukta mbili zikigawa mapigo. Naona wanakwaya mnatabasamu. Ndizo zenu hizo. Uzuri wake ni kwamba mpiga chapa hahitaji mistari mitano wala vichwa vya noti. Herufi za gazeti zinatosha.

Mwaka 1885 ukatoka mkusanyo wake, *Amaculo ase Lovedale*. Humo alipigania jambo ambalo, kwa maoni yangu, sisi bado hatujalimaliza. Kixhosa, kama Kiswahili, hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni za Ulaya huburuta mkazo hadi popote zinapotaka. Bokwe alitaka tuni ilitii neno. Fungueni kitabu chochote cha nyimbo za kanisani mtaona ninachosema.

Uandishi wa habari nitaupitia haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1890 aliungana na mhariri John Tengo Jabavu katika gazeti la *Imvo Zabantsundu*, lakini hakudumu. Mwaka 1906 akabarikiwa kuwa mchungaji, akatumikia katika mji wa Ugie. Kitabu chake juu ya Ntsikana kilichapishwa mwaka 1914, na yeye akafariki mwaka 1922.

Karatasi mlizopewa mlangoni zina sol-fa ya wimbo ule wa kengele. Nahitaji mwanzilishi mmoja mwenye kifua. Wengine itikieni "ahom". Maswali baadaye.