Daktari Atakujua kwa Mgonjwa Wake

Assalam aleykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze nanyi vijana wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na kukanda, mnaofungua vyumba vyenu hapa Mombasa, Nyali, Changamwe, Likoni na kwingineko, mnaotaka madaktari wawaamini na kuwaletea wagonjwa. Wengi mmeshachapisha kadi. Sawa, zigaweni. Lakini daktari wa mifupa hupewa kadi kila wiki, naye hana njia ya kujua ipi ni ya mtu hodari. Atakujua siku ile mgonjwa wake atakaporudi kutoka kwako.

Chukueni mama aliyepasuliwa goti. Ameletwa kwako na kikaratasi chenye maneno matatu, na baada ya wiki mbili anarudi kliniki. Akienda mikono mitupu, daktari itabidi amwulize, "Walikufanyia nini kule?" Mama atajibu, "Walinikanda." Miaka yako yote ya masomo imeishia hapo.

Sasa mpe barua ya nusu ukurasa. Goti lilikuja likikunjika nyuzi 60, leo nyuzi 95. Kunyooka, bado limepungukiwa nyuzi 5. Anatembea kwa mkongojo mmoja. Ngazi zinamtaabisha, naye anakaa ghorofa ya tatu. Kisha swali moja: je, naweza kumruhusu aukanyagie mguu kwa uzito wake wote? Daktari huimaliza barua hiyo wakati mama bado anavua kiatu. Andika kwa herufi zinazosomeka, weka jina lako na simu, na usimsimulie mambo ya goti anayoyajua kukushinda.

Ukiona kama daktari amekosea, mpigie yeye. Usimwambie mgonjwa. Mji huu watu wanajuana. Neno ulilolisema Bamburi asubuhi, jioni liko Kizingo.

Hilo la simu nataka tulikalie kidogo. Mgonjwa wa mgongo amekuja, anakwambia tangu jana mkojo unamsumbua kutoka na sehemu anayokalia imekufa ganzi. Mazoezi hapo hakuna. Huenda neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na kila saa inayopita inaweza kumgharimu. Piga simu papo hapo: jina, umri, dalili, zilianza lini, na unaomba nini. Mfano mwingine ni aliyepasuliwa nyonga, shavu la mguu mmoja limevimba na linauma. Usilikande! Damu ikiwa imeganda mle, kipande chaweza kukatika kikapanda mapafuni. Daktari aliyewahi kupigiwa simu kama hiyo, ikiwa fupi na imekamilika, hahitaji tena kadi yako.

Ziara nazo zina wakati wake. Pale Hospitali Kuu ya Pwani, au Makadara kama tunavyoiita, asubuhi ni raundi za wodi. Usimsimamishe mtu baina ya vitanda viwili. Ijumaa mchana, kwa anayekwenda msikitini, usijaribu. Anza kwa kumwamkia nesi na karani wa mapokezi, wao ndio wanaojua lini daktari ana nafasi. Akiwa mkubwa kwako, shikamoo. Mwite Daktari, hata kama umesikia wenzake wakimwita kwa jina. Dakika tano zikiisha, inuka.

Picha za eksirei msizirushe ovyo kwa WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na daktari akiona umemwaga siri ya mgonjwa mmoja hatakukabidhi wa pili.

Na lipo linaloniuma, nitalisema waziwazi: hii habari ya kumpa daktari kitu kidogo kwa kila mgonjwa. Pesa hiyo anailipa mama wa goti, kwa kuongezewa vipindi asivyovihitaji. Daktari mwenye heshima zake ataifunga bahasha hiyo akurudishie, na mlango ataufunga vilevile. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukikutana na anayeidai, mwache, tafuta mwingine. Wako wengi wanaotafuta tu mtu wa kumwachia mgonjwa wao bila wasiwasi.

Barua ya mfano iko mezani kwa dada wa usajili, kila mmoja achukue nakala. Mwenye mgonjwa aliyeletwa na daktari wiki hii, aanze na huyo. Karibuni kwa maswali.