Malaria ya ndege kule Hawaii, na yule mbu wetu wa chemba

Jamani karibuni, sogeeni mbele viti vipo. Kabla sijawasha projekta, humu ndani nani hajawahi kuugua malaria? Haya, mikono mitatu, na huyo mmoja nahisi anatudanganya. Leo siongelei malaria yetu, naongelea ya ndege, ambayo sisi haitupati hata mbu wakuume usiku kucha. Nawapeleka Hawaii, katikati ya Pasifiki huko, maana ndo mahali unapoona waziwazi kimelea kinafanya nini kikikutana na mnyama ambaye mababu zake hawajawahi kukijua.

Hawaii hapakuwa na mbu. Sifuri kabisa, mpaka 1826. Inasimuliwa kwamba meli moja, Wellington, ilitia nanga Lahaina kisiwa cha Maui, mabaharia wakaenda kijitoni kuchota maji, na ile masalia ya kwenye mapipa wakaimwaga humohumo na viluwiluwi vyake. Mbu mwenyewe mnamjua, Culex quinquefasciatus, huyuhuyu wa chemba na mashimo ya vyoo, ambaye kwetu Pwani kazi yake ilikuwa kusambaza matende na mabusha. Pale Makunduchi, Unguja, miaka ya themanini mwishoni walimkomesha kwa vile vipunje vyeupe vyepesi kama vya boksi la tivii, vikamwagwa kwenye mashimo ya vyoo vikaelea juu, viluwiluwi vikakosa hewa. Mimi hiyo stori naipenda sana lakini tuiache, ina siku yake.

Kimelea, Plasmodium relictum, kilifika baadaye ndani ya damu ya ndege wa kigeni walioletwa visiwani. Basi mbu yupo, kimelea kipo. Na kule kuna ndege wadogo wa rangirangi, wengi wanakunywa nekta kama chozi wetu, zamani walikuwa aina zaidi ya 50, leo zimebaki kama 17 tu. Wasiseme ni malaria peke yake, hapana, misitu ilikatwa, panya na paka wakaletwa, ndui ya ndege nayo ipo. Ila kuna mmoja mwekundu mwenye mdomo uliopinda, iiwi, watafiti walimjaribu maabara: mbu mmoja, kuumwa mara moja, wakafa 9 katika kila 10. Chembe nyekundu zinapasuka, damu inaisha nguvu, ndege anashindwa hata kutafuta chakula.

Waliobaki wamekimbilia mlimani. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi kimelea hakikomai ndani ya mbu, kwahiyo ukipanda kupita mita 1,500 unakuta misitu ambayo bado ina ndege. Baridi ndo chandarua chao. Sasa dunia inapata joto, chandarua kinapandishwa juu kila mwaka, na kisiwa cha Kauai kilele chake hakifiki hata mita 1,600, wapande waende wapi? Halafu kuna nguruwe pori, hao wanang'oa mashina ya mikangaga mikubwa wanakula moyo wake, linabaki shimo, mvua inajaa, mbu anataga. Nguruwe anamchimbia mbu kisima, yaani.

2019 wakajaribu kuhamisha kiwikiu, ndege wa Maui, wakawapeleka Nakula, upande mwingine wa mlima, msitu waliokuwa wanaufufua. Ndege 14. Malaria ikawafuata hukohuko, wakafa au wakapotea ndani ya wiki chache, kazi ya miaka mingi hiyo. Halafu 2021 mtu anapita anasikia sauti, anamkuta dume mmoja yuko hai, amekaa siku zaidi ya 600 peke yake. Nikimfikiria yule ndege nacheka na huku roho inauma.

Sasa dawa yenyewe mtaicheka: wanaongeza mbu. Ngoja, ngoja, msinizomee. Ni madume tu, na dume hanywi damu. Wamepewa aina tofauti ya bakteria aitwaye Wolbachia, akimpanda jike wa porini mayai hayaanguliwi. Kuanzia mwisho wa 2023 helikopta zinadondosha vikopo vya mbu juu ya misitu ya Maui, vikopo vyenyewe vinaoza vikifika chini, na siku hizi wanatumia na droni. Wiki hadi wiki, malaki ya mbu, kwasababu ukiacha kidogo tu majike yanapata madume ya kawaida na unarudi mwanzo.

Na kuna mmoja amejisaidia mwenyewe, amakihi. Kwenye Kisiwa Kikubwa, kile kinachoitwa Hawaii chenyewe, wapo wanaoishi bondeni kabisa, karibu na bahari, wengi wana vimelea damuni na bado wanataga na kulea. Wameteuliwa na kifo chenyewe, dhaifu walikwisha, wakabaki wanaohimili. Ila amakihi walikuwa wengi, wana cha kupoteza. Ndege aliyebaki kwa idadi ya vidole huwezi kumwambia avumilie vizazi vichache azoee.

Haya, yule mzee wa nyuma kanyoosha mkono tangu nilipotaja chemba. Mpeni maiki.