Fosforasi Inayotoroka: Mbolea, Udongo wa Magharibi mwa Kenya na Ghuba ya Winam

Mheshimiwa mwenyekiti, maafisa wa kilimo na wa uvuvi, wazee wetu, kina mama, vijana wa vyama vya ushirika, hamjambo.

Nashukuru kwa kualikwa hapa Kisumu, na nashukuru zaidi kwamba waandalizi wamewaketisha wakulima na wavuvi katika ukumbi mmoja. Kwa kawaida tunawaita mbalimbali. Mkulima anahubiriwa mbolea, mvuvi analalamikia magugu-maji, kisha kila mmoja anashika njia yake. Leo nataka tuone kwamba nyote mnasumbuliwa na kitu kimoja, nacho ni fosforasi, kirutubisho cha mimea kilicho ndani ya mbolea. Mkulima anailipia na haipati. Mvuvi hakuiomba, na imemjaa mlangoni.

Kwanza niondoe dhana moja. Tukisikia mbolea na uharibifu wa mazingira, tunafikiria mkulima anayemwaga mbolea kupita kiasi. Kwingine ni kweli. Huko Marekani, mbolea ya mashamba ya mahindi ya Iowa na Illinois huteremka na mto Mississippi hadi Ghuba ya Mexico, na mwaka 2017 eneo la bahari lililokosa oksijeni ya kutosha lilipimwa likawa zaidi ya kilomita za mraba 22,000. Nchini China, naitrojeni ya kupindukia ilishusha pH ya udongo wa mashamba, kile kipimo ambacho kikishuka tindikali imezidi, kwa takriban nusu nukta katika miaka ishirini hivi.

Sisi hatuko huko. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba kufikia 2015 kila hekta itapata kilo 50 za virutubisho. Wakati huo wastani ulikuwa kama kilo 8. Walipokutana tena Nairobi Mei 2024, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa bado haijafika nusu ya lengo hilo, ilhali wastani wa dunia unapita kilo 100. Kwa hiyo hotuba ya kumwambia mkulima wa Vihiga mwenye nusu eka apunguze mbolea ni hotuba iliyopotea njia. Udongo wake una njaa. Kila gunia la mahindi linalotoka shambani huondoka na chakula cha udongo, na kwa vizazi viwili vitatu tumevuna kuliko tulivyorudisha.

Sasa mbona Ziwa Victoria linaumia kama tunatumia mbolea kidogo hivi? Hapo ndipo nataka tukae.

Chukueni gunia la DAP la kilo 50, ile mbolea ya kupandia mnayoijua wote. Limeandikwa 18-46-0, yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi (ikihesabiwa pamoja na oksijeni yake) na potasiamu. Mkiondoa hesabu za kiwandani, ndani yake mna kilo 9 za naitrojeni na kama kilo 10 za fosforasi yenyewe. Mkulima analimaliza kwenye eka moja. Tuseme mvua ikanyesha vizuri, akavuna magunia 10 ya mahindi ya kilo 90. Ndani ya punje zote hizo mna fosforasi ya kama kilo 3. Kwenye mabua imo kidogo. Zilizobaki zimeenda wapi?

Hazikuyeyuka hewani. Fosforasi si naitrojeni, haina gesi ya kutorokea shambani. Imebaki kwenye udongo, lakini imefungwa. Udongo wetu mwekundu wa Kakamega, wa Vihiga, wa sehemu nyingi za Siaya, una chuma na aluminiamu kwa wingi. Mvua za maelfu ya miaka zimeukamua kalsiamu na magnesiamu ukabaki na tindikali. pH inaposhuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kufanya mambo mawili kwa pamoja: inadumaza mizizi, na inaikamata fosforasi. Chuma nacho kinakamata sehemu yake. Ng'oeni mhindi mmoja kwenye shamba la namna hiyo mwone mizizi. Ni mifupi, minene nchani, haina vinyweleo, imekaa juu juu kana kwamba inaogopa kushuka. Majani ya chini yana rangi ya zambarau pembeni, na hiyo ndiyo dalili kwamba mmea unalilia fosforasi. Unalia njaa huku umekalia ghala lililofungwa.

Na hapa lazima nilitetee jina la DAP kidogo, maana kuna wanaosema ndiyo iliyotuharibia udongo. Tindikali hii ilikuwepo kabla ya gunia la kwanza kufika. Lakini ni kweli DAP inaizidisha. Naitrojeni yake imo katika hali ya amonia. Bakteria wa udongo wanaibadilisha kuwa naitrati, na katika kuibadilisha wanaacha tindikali. Mmea usipoiwahi naitrati, maji ya mvua huteremka nayo chini, nayo haiendi peke yake, inaondoka na kalsiamu. Msimu mmoja hauonekani. Ukirudia mbolea ile ile miaka ishirini, thelathini, bila chokaa, bila samadi, shamba linafika mahali ambapo gunia la pili halizai zaidi ya gunia la kwanza. Mkulima anasema mbolea siku hizi ni bandia. Wakati mwingine ni bandia kweli, na hilo ni jinai linalohitaji polisi. Lakini mara nyingi mbolea ni halali na udongo ndio umeifunga.

Tumsindikize sasa huyu mfungwa hadi ziwani.

Mwezi wa tatu na wa nne, shamba limelimwa, halijafunikwa na chochote, mvua ya kwanza inapiga kwa nguvu. Maji yanateremka kutoka milima ya Nandi na Kericho yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Simameni kwenye daraja lolote la mto Nyando siku hiyo. Ile rangi ni udongo wa juu kabisa, wenye mboji na wenye mbolea, na kila chembe yake ya chuma imeshikilia fosforasi. Waliofika makorongo ya Katuk Odeyo kule Nyakach wameona jinsi ardhi inavyoweza kupasuka hadi ng'ombe na watu wakapotelea chini yake. Zamani mafunjo ya mdomoni mwa Nyando yalichuja sehemu ya tope hilo. Tumeyakata, tumeyachoma, tumelima humo.

Tope linatua kwenye sakafu ya Winam, ghuba hii yetu ya ziwa. Na hapa kuna jambo ambalo huwa linanisumbua kila nikilieleza. Fosforasi ileile ambayo mahindi hayakuweza kuipata, kwa sababu chuma kiliikamata, ziwa linaipata. Chuma huishikilia fosforasi mradi oksijeni ipo. Chini ya maji mazito, yenye uchafu unaooza, oksijeni inaisha, kemia ya chuma inabadilika, nacho kinaifungulia. Inapanda kwenye maji. Mwani unaila. Wale sianobakteria, bakteria wanaofanana na mwani, ambao watu wa ufuo wa Dunga wanawaona kama rangi ya kijani iliyomwagwa majini, hawahitaji hata naitrojeni ya mbolea, kwa sababu baadhi yao wanajichukulia naitrojeni kutoka hewani. Wakishapata fosforasi, basi. Baadhi yao wanatoa sumu, na sumu hiyo imekwisha kupimwa ndani ya ghuba hii. Wakifa wanazama, wanaoza, wanamaliza oksijeni iliyobaki, na fosforasi nyingine inafunguliwa. Mzunguko unajilisha wenyewe.

Wafugaji wa samaki wa vizimba mnakumbuka mwishoni mwa 2022, ngege walivyoelea kwa maelfu. Maji yalikosa oksijeni. Sisemi DAP ya mtu fulani wa Muhoroni ndiyo iliyowaua. Ningekuwa mwongo. Maji taka ya mji huu yana sehemu yake, viwanda vina sehemu yao, na hata moshi na vumbi la mashamba yanayochomwa huangusha fosforasi ziwani kutoka angani. Lakini udongo wa mashamba ni sehemu kubwa, na ndio sehemu ambayo watu waliomo humu wanaweza kuigusa kwa mikono yao.

Naitrojeni nitaipitia haraka. Yurea ikitupwa juu ya udongo mkavu wenye joto, sehemu yake hugeuka amonia na kupotea. Ile harufu kali inayochoma pua ni pesa zenu zinapaa. Ifukieni sentimita tano na tatizo linapungua sana. Sehemu nyingine hutoka kama gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kwa miaka mia moja hupasha joto dunia takriban mara 273 kuliko uzani uleule wa hewa ya ukaa. Kwa kiwango tunachotumia sisi, mchango wetu hapo ni mdogo. Nisingependa mkulima mdogo wa Afrika abebeshwe mzigo huo.

Kuna wanaopendekeza tuache mbolea ya viwandani kabisa. Nawaheshimu, lakini tazameni Sri Lanka. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku uagizaji wake ghafla. Kabla mwaka haujaisha marufuku ikalegezwa, lakini mavuno ya mpunga ya msimu uliofuata yaliporomoka. Samadi ni nzuri, naipenda, inashika maji na kupunguza makali ya aluminiamu. Ila tani nzima ya samadi kavu ina naitrojeni ya kilo 10 hadi 20 ikiwa imetunzwa vizuri, na samadi nyingi ninayoiona imerundikwa juani, inanyeshewa, hadi imebaki makapi. Familia yenye ng'ombe wawili haina samadi ya kutosha eka mbili. Inahitaji vyote viwili.

Chokaa ndiyo ninayoomba muichukulie kwa uzito kuliko yote niliyosema. Ukipandisha pH ipite 5.5, aluminiamu inaachilia, mizizi inashuka, na fosforasi uliyoilipia miaka kumi iliyopita inaanza kurudi kwa mmea. Mmea ukiichukua, haipo tena ya kwenda ziwani. Lakini pimeni kwanza. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, wana maabara, na kipimo cha pH ni cha bei nafuu kuliko gunia moja lililopotea. Chokaa ikizidi nayo ni hasara, inazuia zinki.

Halafu kipimo cha shimo. Nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, eka moja ina mashimo kama 9,000. Kizibo kimoja cha soda kina kama gramu 5 za DAP. Zidisheni: kilo 45, gunia moja halijaisha. Anayerusha kwa mkono wakati wa kupanda anapoteza kwenye nafasi ambayo hakuna mzizi utakaofika, na mvua inaijua njia ya kuikusanya.

Na zuieni tope. Hapo Mbita watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walionyesha kilimo cha kuchanganya: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia ukingoni. Wengi walikifuata kwa sababu ya kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na viwavi. Mimi nakipendea kitu kingine: desmodiamu inaufunika udongo mwaka mzima na kuuongezea naitrojeni, na nepia inakamata tope kabla halijafika mtoni. Ng'ombe anakula vyote viwili.

Namalizia na maafisa wa kaunti. Mwaka 2023 mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50. Ni jambo jema, mwaka mmoja nyuma yake gunia lilikuwa limepita 6,000 madukani. Lakini eka moja ya udongo mkali inaweza kuhitaji chokaa ya kilo 800 au zaidi, na mawe ya chokaa yako hapo Koru, hata si mbali. Kinachomshinda mkulima wa Emuhaya si bei ya chokaa, ni lori la kuifikisha. Naomba bajeti ijayo ilipie lori hilo, na kila gunia la ruzuku litoke na karatasi ya kipimo cha udongo wa shamba linakokwenda. Wavuvi, simameni na wakulima mkiidai. Sasa nipo tayari kwa maswali.