Mita Mia na Hamsini za Kazungula

Assalaam aleikum wazee wangu, na habari za jioni ndugu zangu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mipaka. Nitawapeleka mbali kidogo, hadi mto Zambezi, mahali panapoitwa Kazungula. Ila safari yenyewe inaanzia hapa hapa Unguja. Tarehe 1 Julai 1890 Mwingereza na Mjerumani walitia saini mkataba kule Berlin. Sisi tunaukumbuka kwa sababu ndio ulioiacha Zanzibar mikononi mwa Mwingereza. Mjerumani akapata kisiwa cha Heligoland huko kwao Ulaya, na katika karatasi ile ile akakatiwa ukanda mwembamba wa ardhi, upana wake usipungue maili 20, ili koloni lake la Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, lifike Zambezi. Ukanda ukapewa jina la chansela wao, Caprivi. Wenyeji wa kule hawakuulizwa, kama ambavyo babu zetu hawakuulizwa.

Ncha ya ukanda huo inaishia karibu na Kazungula, pale mto Chobe unapoingia Zambezi. Leo hapo zinakaribiana nchi nne: Namibia, Zambia, Botswana na Zimbabwe. Je, zote nne zinakutana kwenye nukta moja? Au kuna upenyo katikati? Waliochora hawakusema wazi. Ikiwa ni nukta, basi Botswana na Zambia hazipakani kabisa. Ikiwa kuna upenyo, zinapakana kwa kama mita 150 tu, na zote ni maji.

Juu ya maji hayo lilikuwa likipita pantoni. Mnaolijua la Kigamboni msifikirie lile kubwa. Hili lilikuwa sahani ya chuma yenye injini, linapakia lori moja zito na vigari viwili vitatu, linavuka mto usiofika nusu kilomita, linashusha, linarudi.

Mwaka 1970 serikali ya Makaburu iliiambia Botswana kwamba nchi nne zinakutana kwenye nukta moja, kwa hiyo Botswana haina mpaka na Zambia, na kwa hiyo pantoni lile ni haramu. Botswana ilikataa yote mawili.

Naomba tusimame hapa, kwa sababu ukisikia haraka utadhani ni ubishi wa wapima ardhi. Tazameni Botswana ilikuwa imekaaje. Ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966. Kusini kwake Makaburu. Magharibi, Namibia, iliyokuwa imekaliwa na Makaburu hao hao. Mashariki, Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ya Ian Smith, aliyekuwa amejitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965. Hata reli iliyopita ndani ya Botswana iliendeshwa na shirika la Rhodesia. Kila gunia la unga na kila pipa la mafuta lilipita kwa mtu ambaye angeweza kulizuia akiamka vibaya. Nchi pekee huru iliyopakana nayo ilikuwa Zambia, kwa zile mita 150. Na wakati huo Rais wa Botswana, Seretse Khama, alikuwa akitafuta njia ya kujenga barabara kutoka Nata hadi Kazungula, ambayo baadaye ilijengwa kwa msaada wa Marekani. Barabara ya kwenda kwenye mto usioruhusiwa kuvuka ina faida gani? Makaburu walijua wanachokigusa. Mimi nasema, na nitalisema popote, kwamba ramani ilikuwa kisingizio. Walichotaka ni kufunga mlango.

Maana mlango ule haukupitisha unga peke yake. Vijana waliokimbia ubaguzi Afrika Kusini waliingia Botswana, wakafika Francistown, wakapanda malori hadi Kazungula, wakavuka. Ng'ambo wakawa Zambia, na kutoka Zambia wengi walikuja kwetu: Dar es Salaam kwenye makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Kongwa kwenye kambi za mafunzo. Wazee mliowapokea mpo humu ukumbini. Yule kijana mliyempa sahani ya wali, huenda wiki kadhaa nyuma alikuwa amesimama juu ya chuma kile, anaitazama ng'ambo na kuhesabu dakika.

Maneno yaliposhindwa, ikatumika baruti. Aprili 1979 wanajeshi wa Rhodesia walilishambulia pantoni na kulizamisha, wakidai linawabeba wapiganaji wa Joshua Nkomo, mmoja wa viongozi waliopigania uhuru wa Zimbabwe, na silaha zao. Siku zile zile walivamia nyumba ya Nkomo mjini Lusaka. Mwaka mmoja baadaye Rhodesia haikuwepo tena; Zimbabwe ilipata uhuru Aprili 1980, na watu waliendelea kuvuka pale pale.

Mimi nilifika Kazungula mwaka 2013. Foleni ya malori ilianza mbali na mto. Nilikaribishwa na dereva wa kwetu, mtu wa Tanga. Alikuwa na siku nne pale. Boksi la pembeni mwa trela lilikuwa wazi, ndani sufuria mbili, mkaa, chumvi kwenye kopo la maziwa. Utingo anasonga ugali kivulini. Magari mengi yalikuwa ya shaba kutoka Katanga, kule Kongo, kwa hiyo Kiswahili kilisikika foleni nzima, cha Lubumbashi na cha kwetu. Nilimuuliza kama anaogopa pantoni. Akaniambia lile la mwaka 2003, lori lililopakiwa kupita kiasi lilipopinduka na watu 18 wakafa maji. Kisha akanikatia tonge.

Sasa daraja. Zambia na Botswana zilikubaliana mwaka 2007, ujenzi ukaanza 2014, likafunguliwa tarehe 10 Mei 2021. Urefu wake mita 923, na gharama zake zilipita dola milioni 250. Ukilitazama kutoka juu utashangaa: limepinda kama upinde, mto mwembamba namna ile! Limepinda ili lisiguse maji ya Zimbabwe upande mmoja wala ya Namibia upande wa pili. Zimbabwe haikuingia kwenye mradi, ingawa Rais Mnangagwa alihudhuria ufunguzi. Wahandisi wakalazimika kulipitisha lote ndani ya upenyo ule ule ambao Makaburu waliapa kwamba haupo. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la madai yale ya mwaka 1970, limeandikwa kwa zege, na reli wameitengea nafasi katikati yake.

Yule bwana wa Tanga bado anaendesha. Nilimpigia simu juzi nikijiandaa kuja hapa, nikamuuliza siku hizi anavuka kwa muda gani. Akasema akishamaliza karatasi, mto wenyewe ni dakika mbili. Nikamuuliza, na ile kona ya darajani unaionaje? Akanyamaza kidogo. "Kona?" akasema. "Kumbe pale nakata kona?"