Usinipe Jina, Nisimulie

Assalaam aleykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo.

Wapo humu walionisikia nikilizungumza jambo hili mwaka jana na mwaka juzi, nami nawaomba radhi kwa kulirudia, ila sitaliacha mpaka nione kuwa limeingia. Siku hizi mtu akiipenda tamthilia ya televisheni na akataka mwenzake naye aitazame, humpa jina tu. Humwandikia kwenye simu kwamba hii ni moto, asiikose, kisha huhesabu kuwa kazi yake imekwisha. Baada ya wiki humwuliza kama ameitazama, mwenzake hujibu kwamba bado, na mazungumzo hufia hapo. Kwenye simu yangu yamejaa majina ya namna hiyo, ya tamthilia za Uturuki, za Korea, za India, za Nairobi na za Dar es Salaam, na katika hayo yote nimetazama tamthilia mbili, kwa sababu watu wawili walionipa hizo walikuja nyumbani, wakakaa, wakanisimulia.

Ninachodai ni kwamba anayekupendekezea tamthilia ana deni la kukusimulia, na kwamba watu wa mji huu walikuwa wakililipa deni hilo vizuri sana tangu kabla ya televisheni kuingia majumbani mwetu.

Habari za majumba ya sinema ya Unguja mnazijua, sitazirefusha. Mnajua kwamba Majestic ya Vuga ilijengwa katikati ya miaka ya 1950 pale pale lilipokuwa jengo la Royal lililoungua moto, na wengi wenu mmepita mbele yake bila ya kuingia, kwa sababu mmezaliwa lilipokwisha kunyamaza. Nataka kuzungumzia kilichotokea baada ya watu kutoka pale na kurudi majumbani, jambo ambalo halimo katika picha za zamani mnazotumiana.

Nilikuwa na umri wa miaka minane, tukikaa Kikwajuni, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Idi ile nilishikwa na surua. Wenzangu walivaa kanzu mpya, wakakusanya sikukuu zao nyumba kwa nyumba, wakazifunga senti kwenye pembe za leso, na siku ya Idi pili mama mdogo akawachukua wote kwenda Majestic kutazama picha ya Kihindi, mimi nikabaki ndani na bibi na maji ya mwarobaini. Bibi mwenyewe hakupata kuingia katika jumba la sinema hata siku moja katika maisha yake. Hakuwa na ugomvi na sinema, ila alikuwa mtu wa ndani, na miguu yake ilikuwa imeshamchosha. Basi tulibaki wawili, mgonjwa na mzee, tunasubiri.

Walirudi usiku. Watoto waliingia wote wakisema kwa pamoja, huyu anataja farasi, yule anataja moto, hata bibi akawanyamazisha. Akamwita mama mdogo, akamkalisha mbele yake kwenye mkeka, akafungua kijaluba, akatengeneza tambuu yake taratibu, kisha akasema neno moja: "Haya."

Picha hiyo ilikuwa ni Mother India, ya mwaka 1957, ambayo ilizunguka pwani yetu kwa miaka mingi na kila iliporudi ilijaza watu. Kuitazama huchukua karibu saa tatu. Mama mdogo aliisimulia kwa siku tatu. Na nataka mzingatie kwamba hakujua Kihindi, wala katika nyumba ile hapakuwa na aliyejua Kihindi zaidi ya maneno mawili matatu ya nyimbo. Alichokuwa nacho ni macho yake tu, na kwa macho hayo alikuwa ameona jinsi mama mkwe wa Radha, yule mama wa picha, alivyokopa fedha za harusi kwa mkopeshaji riba, jinsi mume alivyosagwa mikono na jiwe kisha akaondoka usiku kwa aibu ya kulishwa, na jinsi mama yule alivyolima mwenyewe na wanawe wawili. Alisimulia habari za bangili. Mkopeshaji alizichukua bangili za mama, na yule mwana mdogo, Birju, tangu utotoni moyo wake ulikuwa umeganda kwenye bangili zile. Alipokuwa mkubwa akageuka jambazi, akamwua mkopeshaji, na siku ya harusi ya binti wa mkopeshaji akamteka binti huyo juu ya farasi. Mama akasimama njiani na bunduki. Alikuwa ameapa kwamba binti wa kijiji ni binti yake. Akampiga risasi mwanawe mwenyewe.

Hapo mama mdogo akanyamaza, na usiku ule ulikuwa wa tatu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, na mama akakimbia katika matope, akampakata mwanawe. Bibi alikuwa amekwisha kuacha kutafuna. Machozi yalikuwa yakimtoka mtu ambaye hajaona hata bango la picha ile. Kisha akauliza: "Na bangili? Alizipata?" Mama mdogo akajibu kwamba ndiyo, mwana alizitoa kifuani mwake, zina damu, akampa mamake.

Haukupita mwaka, picha ikarudi, na safari ile nilikuwa mzima. Tulikwenda kwa miguu, tukakata Mnazi Mmoja upepo wa bahari ukituvuma, mimi nimeshikwa mkono na mama mdogo kana kwamba naweza kupotea katika njia niliyoijua kuliko shule yangu. Nakumbuka njugu katika karatasi iliyokunjwa kama faneli, nakumbuka viti vya mbele vilivyotulazimisha kuinua vichwa, na nakumbuka jinsi taa zilipozimwa watu wote walivyoshusha pumzi kwa pamoja. Nilikuwa najua kila kitakachotokea. Nilimjua atakayekufa na nani atakayemwua. Nikakaa saa tatu nikizingojea bangili, na zilipotoka kifuani mwa Birju nilisikia ukumbi mzima ukilia, wanawake wa juu na vijana wa chini, nami nikalia nao.

Lakini mvua haikuwamo. Nilitazama kwa makini mpaka mwisho, haikunyesha. Tulipokuwa tunarudi nikamwambia mama mdogo kwamba alimdanganya bibi. Alisimama pale pale njiani, akaniambia: "Bibi yako hakuwa na kitambaa cheupe mbele yake. Ilibidi nimpe kitu cha kusikia."

Nimefundisha fasihi miaka mingi, na nimesoma mengi kuhusu sanaa ya masimulizi, na bado sijapata maelezo yanayolishinda jibu lile. Mama mdogo alijua kwamba kutazama kwake hakujakamilika mpaka aliyebaki nyumbani naye aone. Ndiyo maana alitazama kwa uangalifu ule, akizishika sura, rangi za nguo, nani aliyeangalia chini na nani aliyegeuka, kwa sababu alijua kuna mtu anamngoja na kijaluba chake. Mtu anayejua kwamba atasimulia hutazama kwa namna nyingine kabisa na yule anayejua kwamba atatuma jina.

Najua kuna kijana hapo nyuma ambaye tangu mwanzo ananisubiri nimalize ili aniulize: je, mwalimu, ukisimulia si utakuwa umeumaliza utamu? Swali hili naulizwa kila mara, na kila mara linanikera, kwa sababu linaulizwa na watu waliolelewa katika lugha yenye utenzi wa Fumo Liyongo. Ni nani katika pwani hii asiyejua kwamba Liyongo aliuawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba, akachomwa kitovuni? Ni nani asiyejua kwamba alikwenda akapiga goti kisimani, upinde mkononi, akafa vile vile, na watu wasithubutu kuteka maji wakidhani yu hai, hata mama yake akaenda kumbembeleza? Mambo hayo yamejulikana kwa vizazi na vizazi, na sijasikia hata mara moja mtu aliyeinuka kwenye mkeka akasema kwamba yeye haendelei kusikiliza kwa kuwa ameshaijua sindano. Watoto wetu humwomba bibi ngano ile ile ya jana, na wakimkuta ameruka kipande humsahihisha. Utamu unaokwisha kwa kuujua mwisho ulikuwa haba tangu awali, na tamthilia isiyo na kingine ila mwisho wake haifai kumpendekezea mtu unayempenda.

Watu walikwenda kuitazama picha moja mara tatu na mara nne. Vijana walijua kwamba stelingi hafi, na wakalipa tikiti vile vile. Kilichowapeleka dirishani ni kusimuliwa na waliotangulia.

Mwingine ataniambia kwamba siku hizi kuna vipande vya matangazo, vya dakika mbili, vinaonyesha kila kitu. Vile vinatengenezwa na muuzaji. Mama mdogo hakuwa akiuza.

Sasa niiguse televisheni, maana saa inanikimbilia. Sisi wa Unguja tulipata televisheni ya rangi mwaka 1974, miaka 20 kabla ya wenzetu wa Bara kupata vituo vyao vya kwanza, na wengi tulianza kuitazama nje ya nyumba zetu, hadharani au kwa jirani, tumekaa chini safu kwa safu. Aliyechelewa aliambiwa na wa pembeni yake yaliyopita. Aliyekosa usiku mmoja alisimuliwa asubuhi kisimani au dukani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba televisheni ndiyo iliyoua masimulizi. Televisheni iliyakuta na ikaishi nayo vizuri. Yalipungua kila mmoja wetu alipopata kioo chake mwenyewe mfukoni na vizibo vyake vya masikioni, tukawa watu watano katika chumba kimoja tunatazama tamthilia tano.

Na wala hayajafa. Mkiwadharau wale wanaotafsiri filamu katika vibanda vya video, mimi siwadharau. Lufufu huku kwetu Tanzania na DJ Afro kule Kenya wamefanya kazi ile ile ya mama mdogo mbele ya maelfu ya watu, wakiitia filamu ya kigeni maneno ya Kiswahili, mizaha ya Kiswahili na hata mvua isiyokuwamo. Wataalamu wa tafsiri huja hapa wakalalamika kwamba hawatafsiri sawasawa. Ningekuwa na muda ningewajibu kwa kirefu.

Nilikuwa nimeandaa tamthilia tatu za kuwapendekezea leo, zote za Kiswahili, na nitaanza na ile niipendayo kuliko zote, Siri ya Mtungi, iliyotengenezwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kuna mtu anaitwa Cheche. Ni mpigapicha, ni mume, ni baba. Kazi yake ni kuwatazama watu: anawaweka mbele ya kamera, anawaelekeza wasimame vipi, waangalie wapi, na kila anayetoka kwake ana picha yake akiwa katika hali aliyotaka aonekane nayo. Nyumbani kwake mwenyewe hana kamera, na mambo yake hayasimami yakangoja kupigwa picha. Mnaiona Bagamoyo, mnaziona nyumba mnazozijua, na mnasikia watu wakizungumza Kiswahili cha watu walio hai, wanaokatizana, wanaonyamaza pale ambapo mtu mzima hunyamaza. Wapo watakaosema kwamba tamthilia hiyo ilitungwa ili ifundishe mambo ya afya na ndoa, na kwamba kitu kinachofundisha hakiwezi kuwa kitamu. Ngano zote za bibi zilikuwa zinafundisha, nasi tulikuwa hatutaki kulala. Itazameni kwa macho ya mtu atakayeulizwa kesho yake. Mtazameni Cheche mikono yake, wala msishughulike na maneno yake peke yake, kisha mrudi kwa mtu ambaye hakuiona mumwambie mikono ile ilifanya nini.

Naona mwenyekiti ananyanyua saa yake. Basi zile tamthilia mbili zilizobaki sitazitaja, kwa sababu nikiwatupia majina mkayaandika kwenye simu zenu nitakuwa nimefanya lile lile nililolilaumu tangu nilipoanza. Baada ya sala ya alasiri nitakaa hapo barazani. Anayezitaka aje, na aje na mtu wa kwenda kumsimulia.